Maji Yatoke, Maji Yarudi: Laktaidi na Bonde la Kilombero

Mwaka 1993, katika kijiji cha Idete, karibu na Ifakara, Tanzania, watoto 586 wa umri wa mwaka 1 hadi miaka 5 walishiriki katika jaribio la chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66. Ratiba ilikuwa ya sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya wiki nne, na ya tatu katika wiki ya 26. Hiyo ya tatu ndiyo inayonivuta. Anayelijua bonde la Kilombero anajua miezi sita hubeba nini. Mpunga unapandwa, unalindwa dhidi ya ndege na nguruwe, unavunwa. Familia zinahamia mashambani na kulala kwenye madungu. Mto unafurika, njia zinakatika, kisha maji yanarudi kwenye mkondo wake na kuacha tope. Kumpata mtoto yuleyule baada ya msimu mzima kupita juu ya kijiji ni kazi ya miguu.

Miaka minane baadaye, mwaka 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nchi ya Basque, huko Vitoria-Gasteiz, Hispania, pamoja na Manuel Patarroyo, mwanasayansi wa Kolombia aliyeibuni SPf66, walichapisha kazi ya aina nyingine kabisa kuhusu chanjo hiyohiyo. Walikuwa wameifungia ndani ya vipunje vya poliesta, vidogo kuliko chembe ya unga, ili sindano moja iachie chanjo yake kidogokidogo kadiri vipunje vinavyolika mwilini. Walivijaribu kwa panya. Poliesta yenyewe huitwa PLGA, na mama yake ni pete ndogo ya kikemia iitwayo laktaidi.

Historia ya laktaidi kwa kawaida husimuliwa kuanzia Ulaya, ikapita Marekani, ikaishia kwenye vikombe vya kahawa vinavyosemekana kuoza. Mimi naisimulia nikiwa Kilombero, na si kwa ajili ya Idete tu. Bonde hili lina miwa inayoweza kuzaa asidi ambayo laktaidi hutengenezwa kwayo, lina hospitali inayotumia nyuzi za kushonea za ukoo huu, na lina watu wanaoyafahamu maji kuliko wakemia wengi. Kwa sababu habari yote ya poliesta hizi, ukiivua maneno yake magumu, ni habari ya maji: namna ya kuyatoa yote bila kubakiza tone, na namna ya kuyaruhusu yarudi kwa siku uliyoipanga.

Tuanze na chungu cha togwa. Uji umepikwa na kupozwa, umetiwa kimea, umefunikwa ukalala. Kimea kinaukata wanga kuwa sukari. Bakteria waliokuwamo, au waliobaki kwenye chungu cha jana, wanaichukua sukari hiyo na kuigeuza asidi ya laktiki. Ndiyo inayoleta uchachu, na ndiyo inayozuia vijidudu vya kuhara visistawi humo, jambo ambalo watafiti wa lishe wa Tanzania walilichunguza kwa bidii katika miaka ya 1990. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wakishirikiana na wenzao wa Norway, waliwaorodhesha bakteria wa togwa katika kazi iliyotoka 2003: Lactobacillus plantarum, Lactobacillus fermentum na ndugu zao. Kumbuka majina hayo mawili, tutayahitaji.

Asidi hiyohiyo ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1780 na Carl Wilhelm Scheele wa Sweden, kutoka kwenye maziwa yaliyochacha. Louis Pasteur, mwaka 1857, alionyesha kwamba uchachu huo ni kazi ya viumbe hai. Mwaka 1881, Marekani, Charles Avery alianza kuizalisha asidi hiyo kibiashara huko Littleton, Massachusetts. Hayo yanatosha kwa upande wa asidi. Bibi zetu hawakuwa nyuma kwa lolote ila kwa kuandika.

Swali gumu lilikuwa namna ya kuziunganisha molekuli zake. Molekuli ya asidi ya laktiki ina mikono miwili tofauti, na mkono mmoja wa hii unaweza kuushika mkono mwingine wa ile. Zikishikana, hutema molekuli moja ya maji. Ya tatu ikija, yanatoka maji mengine. Kwa hiyo ukitaka mnyororo, chemsha asidi na uyafukuze maji. Théophile-Jules Pelouze wa Ufaransa alifanya hivyo mwaka 1845 akapata kitu kizito chenye kunatanata. Hakikuwa na nguvu, kwani minyororo yake ilikuwa mifupi mno.

Sababu yake mkulima wa mpunga ataielewa haraka. Maji hutoka shambani kwa urahisi mwanzoni, wakati udongo bado unapitisha. Yale ya mwisho, yaliyojificha kwenye tope zito, hayatoki. Kadiri minyororo inavyokua, uji wa kikemia unazidi kuwa mzito, na maji yanayozaliwa humo yananaswa. Maji yaliyonaswa hayakai bure: yanaurudia mnyororo na kuukata mahali palepale ulipounganishwa. Kufunga na kukata vinalingana, na kazi inasimama. Njia hii ya kuunganisha kwa kutoa maji ndiyo ya kwanza katika historia yetu, na kwa miaka mingi ilizalisha vitu dhaifu tu.

Kulikuwa na kero nyingine. Mnyororo mfupi ukipashwa moto hujiuma mkia: molekuli mbili za mwisho hujikata na kufungamana kuwa pete ya pembe sita, na pete hiyo hupanda kama mvuke. Pete hiyo ndiyo laktaidi. Wakemia wa Ufaransa walikuwa wameijua tangu miaka ya 1830. Aliyetaka mnyororo aliiona kama hasara, mali inayomponyoka kupitia mdomo wa chupa.

Wallace Carothers, mkemia wa kampuni ya DuPont aliyepata umaarufu zaidi kwa nailoni, aliitazama hasara hiyo kwa jicho jingine. Mwaka 1932 yeye na wenzake walichapisha kazi kuhusu esta za pete za pembe sita, laktaidi ikiwamo, wakionyesha kwamba pete hufunguka kuwa mnyororo na mnyororo hurudi kuwa pete. Nadhani hapa ndipo akili kubwa ya habari hii ilipo, na inafaa kukaa nayo kidogo. Pete ya laktaidi imezaliwa na molekuli mbili za asidi zilizokwisha kutema maji yake yote. Ukiifungua na kuiunga kwenye mnyororo, hakuna maji yanayotoka tena. Kazi ya kuyafukuza maji imefanywa mapema, mahali pengine, wakati kitu bado ni chepesi na kinaweza kusafishwa. Ukija kwenye ujenzi wa mnyororo wenyewe, umeingia na malighafi kavu.

Viwanda vya leo bado vinafuata mantiki hiyo, nayo huwashangaza wanaoisikia kwa mara ya kwanza. Kwanza asidi huchemshwa mpaka iwe minyororo mifupi, ile ya Pelouze. Kisha minyororo hiyo huvunjwa makusudi, kwa moto na mvuto wa ombwe, ijiume mkia na kuwa pete. Pete hutolewa kama mvuke, husafishwa mpaka zitakate, ndipo hufunguliwa upya na kuunganishwa kuwa minyororo mirefu. Ni kama msukaji wa mkeka anayeufumua ukili wote aliousuka, akachambua miyaa mmoja mmoja, akatupa mibovu, kisha akasuka upya. Atakayemwona katikati ya kazi atadhani amekasirika.

Kufungua pete kunahitaji kichocheo. Kilichotawala ni mchanganyiko wa bati na asidi ya mafuta, uitwao oktoeti ya bati. Laktaidi iliyoyeyushwa, kwa joto la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, hutiwa kiasi kidogo sana cha kichocheo hicho pamoja na kianzishi, mara nyingi alkoholi. Bati huishika pete kwenye oksijeni yake, pete hukatika, na kipande kinajipenyeza kati ya bati na mnyororo unaokua. Pete inayofuata hufanya vivyo hivyo. Mnyororo wenye uzito wa molekuli 100,000 una vipande vya laktiki karibu 1,400 vilivyopangana hivyo.

Urefu wa mnyororo huamuliwa na idadi ya vianzishi, na hapo maji yanaleta balaa lake. Tuseme umepika pilau la wageni kumi. Kila sahani itajaa. Wakitokea wazamiaji tisini, pilau ni lilelile, lakini kila mmoja anapata kijiko. Molekuli ya maji iliyoingia kwenye mtungi bila kualikwa ni mzamiaji wa aina hiyo: nayo huanzisha mnyororo wake, ikala pete zilizokusudiwa wengine. Unyevu kidogo tu hugeuza plastiki ngumu kuwa kitu kinachovunjika kama kaukau. Ndiyo maana DuPont, ambayo ilipata hataza mwaka 1954 juu ya poliesta ya jamaa ya laktaidi, iitwayo glikolaidi, ilikazia usafishaji wa pete.

Kuna usafi mwingine usioonekana hata kwa kupima maji. Molekuli ya asidi ya laktiki huja kwa sura mbili zinazofanana kama kandambili ya kushoto na ya kulia. Kwa hiyo pete ya laktaidi inaweza kuwa na kushoto mbili, kulia mbili, au moja ya kila upande. Minyororo ya upande mmoja tu hupangana vizuri, ikawa polima, yaani kitu cha minyororo mirefu, ngumu inayoyeyuka kwenye nyuzi zinazokaribia 180. Ukichanganya pande ovyo, minyororo haipangani, na polima inabaki laini isiyo na fuwele. Sasa turudi kwa wale bakteria wawili wa togwa. Wote wawili hutengeneza asidi ya pande zote mbili. Kwa tumbo la mtoto hilo halina shida. Kwa mwenye kiwanda cha plastiki ngumu, chungu cha togwa kingekuwa hasara, naye hufuga bakteria wa kabila lingine, wanaotoa upande mmoja tu.

Wajapani ndio waliogundua mchezo ulio mzuri kuliko yote katika jambo hili. Mwaka 1987 Yoshito Ikada na wenzake walichanganya minyororo ya kushoto tupu na minyororo ya kulia tupu. Miguu miwili ikakutana ikawa jozi: fuwele mpya iliyoyeyuka kwenye nyuzi 230 hivi, juu zaidi kuliko mzazi yeyote kati ya wale wawili.

Mpaka miaka ya 1960 hakuna aliyekuwa na haja kubwa na poliesta inayokatwa na maji. Nailoni na poliesta za nguo zilisifiwa kwa kudumu. Hii ilionekana ina kilema. Madaktari wa upasuaji ndio waliokiona kilema kuwa kipaji. Mwaka 1966 R. K. Kulkarni na wenzake, wakifanya kazi katika maabara ya jeshi la Marekani, waliripoti kwamba polima ya asidi ya laktiki ikiwekwa ndani ya mwili wa mnyama haileti sumu na hutoweka polepole. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uzi wa glikolaidi ulikuwa sokoni kwa jina la Dexon, na mwaka 1974 ukafuata Vicryl, mchanganyiko wa sehemu tisa za glikolaidi na moja ya laktaidi. Kabla yake, uzi unaotoweka mwilini ulitengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe, na kasi yake ya kutoweka ilitegemea mgonjwa, mnyama na bahati.

Ifakara wakati huo ilikuwa tayari mji wa dawa. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilikuwa imejengeka kwa juhudi za watawa Wakapuchini kutoka Uswisi. Rudolf Geigy, mwanazuolojia wa Basel aliyeanzisha Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mwaka 1943, alifika bondeni mwaka 1949, na mwaka 1957 taasisi yake ikafungua maabara hapo. Kutoka katika mbegu hiyo, kwa hatua kadhaa na majina kadhaa, ilikua Taasisi ya Afya Ifakara ya leo.

Katika wodi za wazazi, uzi wa ukoo huu unajulikana kwa maneno yake: nyuzi zinazoyeyuka. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huambiwa asihofu, nyuzi za ndani hazitolewi. Neno lenyewe lina kasoro, ingawa silaumu mtu. Chumvi huyeyuka. Uzi huu haufanyi hivyo. Maji ya mwili huupenya na kuukata fundo kwa fundo, mpaka vipande vinakuwa vifupi kiasi cha kuchukuliwa na damu, na asidi ya laktiki inayobaki huingia katika mzunguko uleule wa kawaida unaoteketeza asidi ya misuli ya mtu aliyepiga jembe asubuhi nzima. Kulika lingekuwa neno la karibu zaidi. Na kwa kuwa maji huukata popote yaupatapo, uzi huja umefungwa ndani ya karatasi ya alumini isiyopitisha unyevu. Hewa ya Ifakara wakati wa masika, ambapo shuka haikauki na kiberiti hakiwaki, ni adui yake kamili. Pakiti ikifunguliwa, uzi unatumika saa hiyo au unatupwa.

Kutoka kwenye uzi, wazo la pili lilikuja kwa urahisi. Kama maji hukata polima kwa kasi inayojulikana, basi fungia dawa humo, na kasi ya kulika iwe ndiyo ratiba ya dawa. Kasi yenyewe inaweza kuchaguliwa. Laktaidi tupu ya upande mmoja huchukua hata zaidi ya miaka miwili kuisha mwilini. Ukiichanganya nusu kwa nusu na glikolaidi, ambayo hupenda maji zaidi na huvuruga mpangilio wa fuwele, mnyororo huisha kwa mwezi mmoja au miwili. Robo tatu kwa robo, ni kati ya hapo. Mwaka 1989 Marekani iliidhinisha Lupron Depot, sindano ya vipunje vya PLGA iliyotengenezwa kwa ubunifu wa kampuni ya Takeda ya Japani: homoni ya kutibu saratani ya tezi dume, iliyokuwa ikihitaji sindano ya kila siku, sasa ilichomwa mara moja kwa mwezi.

Vitoria-Gasteiz walifuata njia hiyo. Polima inayeyushwa katika kimiminika kinachoruka haraka, maji yenye chanjo yanapigwapigwa humo mpaka yawe matone madogo, kisha mchanganyiko wote unapigwa tena ndani ya maji mengine. Kimiminika kinaruka, vipunje vinabaki. Walichanganya vipunje vya uwiano wa nusu kwa nusu na vya robo tatu kwa robo, vya kwanza vilike mapema, vya pili vichelewe, wakiiga ndani ya mwili wa panya ile safari ya mhudumu wa afya anayerudi kijijini. Mwaka 2004 kundi hilo likaripoti jaribio jingine, safari hii vipunje vikipitia puani.

Kuna kejeli ndogo hapa. SPf66 yenyewe ilikuwa polima: kipande cha protini cha asidi amino 45, chenye vishikizo vya salfa pande zote mbili, vilivyofungamana kuwa mnyororo. Waliweka mnyororo ndani ya mnyororo. Na mnyororo wa nje, unapolika, hutoa asidi, ambayo ikinaswa katikati ya kipunje huweza kuiharibu chanjo iliyomo. Ulinzi na hatari vimo katika ganda moja. Tatizo hilo limewachosha wataalamu wa vipunje kwa miongo kadhaa.

Ama chanjo yenyewe, ilianguka. Matokeo ya Idete, yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1994 na kundi la mtafiti Pedro Alonso, wakiwamo watafiti wa Ifakara, yalionyesha kinga ya asilimia 31. Kwa kijiji ambacho mtu mmoja alikadiriwa kuumwa na mbu wenye vimelea takriban mara 300 kwa mwaka, hiyo ilikuwa habari ya kuifanya dunia isimame. Kisha Gambia, 1995, kwa watoto wachanga: hakuna kinga ya maana. Thailand, 1996: hakuna. Bonde lenyewe la Kilombero, kwa watoto wachanga waliopewa SPf66 pamoja na chanjo za kawaida, katika matokeo ya 1999: asilimia 2. Kwa hiyo vipunje vya 2001 vilibeba abiria aliyekwisha kushushwa na wengine. Hata hivyo sioni kwamba kazi ile ilikuwa bure. Kilichobaki Ifakara ni ujuzi wa kufanya majaribio makubwa ya chanjo kwa uangalifu, na kilichobaki Vitoria-Gasteiz ni ujuzi wa chombo.

Wakati madaktari wakipima kwa miligramu, wengine walikuwa wakiota kwa maelfu ya tani. Mitsui Toatsu ya Japani, katika miaka ya 1990, waliirudia njia ya Pelouze kwa ujanja: walichemsha asidi ndani ya kimiminika kinachoyabeba maji yakipanda, kikakaushwa na kurudishwa, mpaka minyororo mirefu ikapatikana bila kupitia pete. Ilifanikiwa kikemia, lakini vimiminika vile ni ghali na vinasumbua. Cargill ya Marekani walishika njia ya pete, wakizitoa na kuzisafisha mfululizo bila kutumia vimiminika vya kuyeyushia, na mwaka 2002 kiwanda chao cha ubia na kampuni ya Dow kikafunguliwa Blair, Nebraska, chenye uwezo wa tani 140,000 kwa mwaka kutoka kwenye mahindi. Mwishoni mwa 2018 kiwanda cha Total Corbion kilianza huko Rayong, Thailand, tani 75,000 kwa mwaka. Hicho hula sukari ya miwa.

Msomaji wa Kidatu, penye miwa ya bonde, ameshainua kichwa. Kampuni ya Sukari Kilombero ilianza kuzalisha mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo ina viwanda pande mbili za mto Ruaha Mkuu, Msolwa na Ruembe, ambavyo wenyeji huviita K1 na K2. Mwaka 1998 ilibinafsishwa kwa kampuni ya Illovo, serikali ikibaki na asilimia 25. Miwa ipo, wakulima wa nje wapo kwa maelfu, maji ya milima ya Udzungwa yapo. Mbona hakuna laktaidi?

Tufanye hesabu ya kalamu. Kwa kanuni za kemia peke yake, bila kupoteza hata chembe, tani moja ya polima inadai karibu tani 1.2 za sukari ya miwa. Kiwanda cha ukubwa wa Rayong basi kingekula karibu tani 90,000 kwa mwaka, na katika uhalisia zaidi ya hapo. Kilombero yote, kabla ya upanuzi wake uitwao K4, uliotangazwa 2021, ilikuwa ikitoa karibu tani 127,000. Nchi ambayo mwanzoni mwa 2024 iliona foleni za sukari madukani, baada ya mvua kuzuia miwa kuvunwa, haiwezi kuigeuza sukari ya chai kuwa vikombe vya chai. Inayobaki ni molasi, na molasi ya Kilombero ina mchumba tayari: inachachushwa kwa hamira kuwa alkoholi katika kiwanda cha hapohapo. Kubadilisha hamira kwa bakteria si jambo gumu. Gumu ni linalofuata, kwa maana molasi ni chafu, nyeusi, imejaa chumvi, na pete ya laktaidi, kama tulivyoona, haivumilii uchafu wala unyevu. Pombe hukimbia uchafu kwa mvuke mmoja. Asidi ya laktiki hailiachi tope kirahisi hivyo.

Nisingependa pia mtu adhani kwamba bonde likipata plastiki ya miwa, mifuko itaisha mitaroni. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, kwa mifuko ya kubebea ya unene wowote. Wanaoikumbuka mifuko ya rambo ikining'inia kwenye michongoma wanajua kwa nini. Lakini poliesta ya laktaidi tupu haianzi kulegea mpaka joto likaribie nyuzi 60. Kwenye lundo kubwa la mboji linalofukuta, lililosimamiwa vizuri, huisha kwa miezi michache. Kwenye tope la mpunga, kwa joto la kawaida la bonde, itakaa miaka. Neno kuoza lililobandikwa kwenye bidhaa hizo linadai masharti ambayo Kilombero haina, isipokuwa kama kuna atakayejenga mahali pa kuyatimiza.

Wakemia hawajalala. Shuichi Matsumura wa Japani alionyesha mwaka 1997 kwamba kimeng'enya kinaweza kuifungua laktaidi. Geoffrey Coates wa Chuo Kikuu cha Cornell, mwaka 1999, alitumia kichocheo cha alumini kupanga kushoto na kulia kwa zamu katika mnyororo mmoja. Mwaka 2001 kundi la James Hedrick wa IBM, California, likaifungua pete bila metali yoyote, kwa molekuli ya kikaboni tu, jambo linalowapendeza wasiotaka bati mwilini. Viwandani bati bado linatawala, kwa sababu ni rahisi na halina visirani.

Na wazo la Vitoria-Gasteiz limerudi likiwa na abiria mwingine. R21, chanjo ya malaria iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford na iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, ilipitia majaribio yake ya mwisho Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania. Kwa Tanzania ilikuwa Bagamoyo, katika kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 2025 watafiti wa Oxford waliripoti kwamba wameifungia R21 ndani ya vikapsuli vya PLGA vyenye kiini cha maji. Aina ya polima huamua ganda lipasuke lini, wiki au miezi baadaye, na kwa panya sindano moja iliweza kubeba dozi ya kwanza pamoja na ile ya kukazia.

Hayo ni kwa panya. Kwa watoto, R21 ni sindano tatu za mwezi mmoja mmoja, na ya nne huja karibu mwaka baada ya ya tatu. Katikati yake kuna masika.